Kava la injini limepasuka: poliesta ya fundi wa boti, vinili esta au epoksi?

Malindi haina uhaba wa mafundi wa faiba. Boti za kuvulia sulisuli, za kupeleka wageni hifadhi ya bahari na speedboti zinazovusha abiria kati ya Mokowe na Lamu zinahitaji viraka mwaka mzima, na mkono wa fundi anayeishi kwa kazi hiyo ni mwepesi kuliko wa mwenye ndege aliyejifunza vitabuni. Kwa hiyo kava la injini la ndege ya kujiundia likipasuka, wazo la kulipandisha tuktuk hadi kwa fundi wa boti si baya hata kidogo. Mwajiri yeye. Lakini resini (gundi ya majimaji inayoganda, iwe poliesta, vinili esta au epoksi) na kitambaa cha nyuzi za glasi njoo navyo mwenyewe, na mizani uishike wewe. Sababu zake ndizo zinazolinganishwa hapa.

Hapa tunazungumzia ndege za kujiundia tu. Ndege ya kiwanda yenye cheti, kama Cessna 172, hurekebishwa na injinia mwenye leseni kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Hata ya kujiundia, kazi yoyote iliyogusa umbo la kava au sehemu linaposhikiliwa iandikwe kwenye logibuku pamoja na aina ya resini na idadi ya matabaka. Mtakayempigia simu miaka mitano baadaye hatajua mlichopaka.

Kava lenyewe ni la nini?

Swali hili hutangulia bei na nguvu, kwa sababu jibu lake linaondoa baadhi ya chaguo papo hapo. Geuza kava utazame upande wa ndani. Ukiona nyuzi fupi zilizotawanyika ovyo, na nje kuna ganda jeupe nene la jelikoti, karibu hakika hiyo ni poliesta iliyopigwa kwa mkeka. Sugua kidogo kwa msasa: harufu kali yenye utamu, ile ya karakana ya boti, inathibitisha. Ukiona kitambaa kilichofumwa sawasawa, chembamba, hakina jelikoti, na katikati ya paneli kubwa kuna vijumba vya sega vinavyoonekana dhidi ya mwanga, hiyo ni epoksi iliyopikwa kiwandani. Makava mapya ya ndege za RV kutoka Van's Aircraft ni ya namna hiyo, ilhali ya zamani yalikuwa ya poliesta. Kama kava lina historia ya viraka, huenda ukakuta vyote viwili mahali pamoja. Hapo lichukulie lote kuwa la epoksi, hutakosea.

Resini tatu, bega kwa bega

| | Poliesta | Vinili esta | Epoksi |
|---|---|---|---|
| Hadina (kinachochanganywa na resini ili ikauke) | asilimia 1 hadi 2 | asilimia 1 hadi 2 | uwiano kamili wa kitabu, mfano 100 kwa 27 kwa uzito |
| Huanza kulainika (nyuzi za sentigredi) | ya kawaida 60–70. Aina ya isofthaliki karibu 90 | 100 na zaidi | ya boti karibu 60. Ya ndege 80–90 ikishapashwa joto |
| Juu ya kava la epoksi | haitegemeki | haitegemeki | inashika |
| Juu ya kava la poliesta | inashika ikisuguliwa vizuri | inashika vizuri | inashika vizuri zaidi |
| Jelikoti juu yake | ndiyo | ndiyo | hapana, paka praima na rangi |
| Kukaa stoo | miezi 6 hivi | miezi 3 hadi 6 | mwaka na zaidi |

Mistari miwili inayoanza na "Juu ya kava" ndiyo ya kuamulia. Epoksi hushika poliesta iliyokwisha kukauka. Poliesta mbichi juu ya epoksi iliyokauka hubanduka, leo au baada ya joto la mara kadhaa. Kiraka huonekana kizima kikiwa mezani, kisha injini ikitetemeka kinaanza kuachia pembeni, na upepo wa propela unamalizia. Kwa kava la epoksi, basi, mjadala umeisha kabla ya kuanza.

Kwa kava la poliesta una hiari, na hapa poliesta ina hoja zake. Ni rahisi, inapatikana Mombasa kwa galoni, hukauka haraka, na kama umebanja jelikoti tu bila kufika kwenye nyuzi, jelikoti ya poliesta ndiyo inayolingana. Tatizo lake ni kusinyaa. Ikikauka hupungua kati ya asilimia 5 na 8 ya ujazo, na epoksi asilimia chache tu. Kwenye mwili wa boti wenye unene wa milimita 10 hutaona kitu. Kwenye kava la milimita 1.5, kiraka cha matabaka mawili ya mkeka huvuta paneli, na ukipaka rangi ya kung'aa unaona mpaka wake wote kwa nje. Kwenye ukingo wa tundu la hewa, mvutano huo huo unaweza kusogeza mdomo wa kava hadi mwanya kati yake na koni ya propela usilingane tena.

Vinili esta husahaulika, na si haki. Inachanganywa kama poliesta, fundi wa boti hahitaji kujifunza upya, na inastahimili joto kuliko poliesta ya kawaida. Ingekuwa chaguo zuri kwa kava la poliesta karibu na ekzosi kama isingekuwa na maisha mafupi. Miezi mitatu hadi sita ni hesabu ya stoo yenye ubaridi. Chini ya mabati ya Malindi msimu wa kaskazi hata hiyo haifiki. Kopo likianza kuwa na utelezi mzito kama jeli, litupe, usilikoroge na asetoni kulifufua.

Sasa epoksi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ya kununua kama utanunua moja tu. Lakini si epoksi yoyote. Zile zinazouzwa kwa ajili ya mashua, kama West System 105, hushika ajabu na zina maelekezo mazuri, ila zikikaukia kwenye joto la kawaida huanza kulainika karibu na nyuzi 60. Kava jeusi au la buluu nzito likiachwa juani Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu, saa sita mchana linaweza kupita hapo kabla injini haijawashwa. Ndiyo maana ndege za Burt Rutan kama VariEze na Long-EZ, ambazo mwili mzima ni faiba na epoksi, hupakwa rangi nyeupe. Kwa sehemu ya juu ya mbele ya kava, mbali na ekzosi, epoksi ya boti chini ya rangi nyeupe inafaa. Kwa nusu ya chini tafuta ya ndege, kama Aeropoxy PR2032 na hadina yake PH3660, ambayo uwiano wake ni 100 kwa 27 kwa uzito au 3 kwa 1 kwa ujazo.

Mahali fundi wa boti huharibu

Hadina ya poliesta ni kichocheo. Jioni ikiwa na ubaridi fundi huongeza matone, mchana hupunguza, na kote huko resini hukauka. Hiyo ni busara ya kazi yake. Hadina ya epoksi si kichocheo: ni nusu ya pili ya mchanganyiko, na kila chembe ya resini inahitaji mwenzake. Ukizidisha haiharakishi chochote. Ziada inabaki ndani ikiwa haijapata wa kushikana naye, na kiraka kinakuwa laini kama mpira kwa maisha yake yote. Hakuna dawa yake isipokuwa kukikwangua chote.

Kwa hiyo pima kwa mizani inayosoma gramu 0.1. Hesabu ni rahisi: kwa gramu 20 za resini hadina ni gramu 5.4. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima inaweza kukukosesha karibu moja kati ya tano ya hadina bila kukuambia. Usichanganye chini ya gramu 50 hata kama utatumia 15; zinazobaki ni bei ya usalama. Koroga dakika mbili kamili, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kikombe kingine ukoroge tena.

Joto la pwani nalo hukata muda. Kanuni ya karakana ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda wa kutumia hupungua nusu. Hadina ya West 206 ambayo kwenye nyuzi 22 hukupa dakika 20 hadi 25 kikombeni, kwenye nyuzi 32 inakupa kama 10 au 12. Ya 205, ya haraka, usiinunue kabisa kwa Lamu au Malindi. Mimina mchanganyiko kwenye sinia pana badala ya kuuacha kwenye kikombe kirefu: ukikaa kwa wingi unajipasha moto wenyewe, unafuka moshi na kuyeyusha plastiki.

Halafu kuna mafuta yanayojitokeza juu ya epoksi hewa ikiwa na unyevu, ule utelezi kama sabuni asubuhi ya siku ya pili. Usiuguse kwa msasa, utaukandamiza ndani. Osha kwa maji safi na sponji ya kusugulia, kausha, ndipo usugue. Ukiruka hatua hii kila tabaka linalofuata limekaa juu ya sabuni. Anza kazi kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana ili resini iwe imeshika kabla ya umande, na ukiweza usiifanye kazi hii wakati wa mvua za masika za mwezi wa nne na wa tano.

Kwa upande wa afya ulinganisho ni mfupi. Poliesta na vinili esta hutoa mvuke mkali unaohitaji barakoa ya vichujio vya kemikali, na hadina yao ikiruka jichoni inaweza kupofusha: miwani si hiari. Hadina hiyo na akselereta ya kobalti (dawa ya kuharakisha poliesta kukauka) zisikutane moja kwa moja kamwe, hulipuka. Epoksi haina harufu kubwa, na hapo ndipo watu huzembea. Ngozi ikishaikataa mara moja itaikataa daima. Glavu za nitraili, kila mara.

Walioko Lamu wana jambo moja zaidi. Poliesta na asetoni hushika moto, na hadina ya poliesta ni peroksaidi; haziingii kwenye begi la abiria anayekwenda Manda. Zinakwenda kwa barabara kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha kwa boti. Agiza wiki kadhaa mapema, na usiziache juani gatini.

Mkeka, kitambaa au kaboni

Fundi wa boti atashika mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kwa kuwa ndio ulioko. Mkeka hujenga unene haraka, karibu milimita 1 kwa tabaka, na hufuata kona vizuri. Unakunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Tena, nyuzi zake zimeshikiliwa na gundi ambayo mikeka mingi huhitaji poliesta kuiyeyusha. Ukiupaka epoksi unabaki mgumu, haukai kwenye umbo, na vipovu vya hewa vinabaki chini.

Kitambaa cha kufumwa cha gramu 300 hivi hutoa robo ya milimita kwa tabaka na kinatosheka na resini ya uzito wake tu. Linganisha kiraka cha sentimita 30 kwa 30: matabaka matatu ya kitambaa ni gramu 81 za glasi na kama 80 za resini, jumla 160. Matabaka mawili ya mkeka ni glasi gramu 81 hiyo hiyo, lakini resini 160 hadi 200, jumla inakaribia 260. Ongezeko la gramu 100 si msiba, ila viraka vitano vya namna hiyo ni nusu kilo mbele kabisa ya ndege, na resini ya ziada haiongezi nguvu, inaongeza wepesi wa kupasuka.

Kaboni huvutia macho. Ni ngumu na nyepesi, na kwa kuimarisha paneli bapa inayopiga ngoma inafanya kazi. Pwani ina kasoro kubwa: ikigusana na alumini penye hewa ya chumvi, alumini huliwa. Bawaba na riveti zote za kava ni alumini. Ukiitumia, weka tabaka moja la glasi kati yake na chuma chochote na ulipitishe angalau milimita 25 nje ya mguso. Kwa kiraka cha ufa haina faida. Inazuia kava kunyumbuka mahali pamoja na kuuhamishia ufa jirani.

Kwa paneli inayotetemeka kuna njia bora kuliko kuongeza matabaka: ubavu. Ugumu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo kamba ya foamu gumu yenye upana wa milimita 20 na kimo cha 6, ikifunikwa matabaka mawili ya kitambaa yaliyokatwa kwa pembe ya digrii 45, hushinda matabaka manne yaliyotandazwa bapa, kwa uzito mdogo. Foamu ya polistairini isitumike na poliesta, itayeyuka mbele ya macho yako.

Ufa wa kona: kazi inavyokwenda

Chukua ufa wa kawaida, wenye urefu wa milimita 100 unaoanzia kona ya mlango wa kupimia oili, kava la milimita 1.5.

Ondoa mafuta kwanza, kabla ya msasa. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya viraka kubanduka kwenye kava la injini. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe. Nyuzi zilizonywa oili zipashe kwa taa ili itoke, futa tena. Kisha nyunyiza maji: yakitandaa kama ngozi moja pako safi, yakijikusanya matone bado.

Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa, pale unapoishia kweli, si pale rangi inapoishia. Upande wa ndani sugua kwa msasa namba 80 hadi ubakize ngozi nyembamba ya nje, na mteremko wa 1 kwa 20, yaani milimita 30 kila upande. Mafundi wa boti hutosheka na 1 kwa 12. Kwa kava lisilobeba mzigo mkubwa hata hiyo hupita, lakini eneo ni dogo na msasa ni rahisi.

Nje bandika plastiki na ubao uliopindwa kufuata umbo. Ndani, matabaka sita ya kitambaa yanarudisha unene kamili, kila moja likizidi mwenzake kidogo hadi la mwisho lifunike mteremko wote. Malizia na kitambaa cha nailoni cha kubandua, ambacho kikitolewa kinaacha uso uliokwaruzika tayari, na utelezi wa asubuhi unaondoka nacho.

Zunguka mlango mzima kwa matabaka mawili zaidi, si kona moja tu. Na kona yenyewe iwe na mviringo wa angalau milimita 6. Kona kali itapasuka tena hata kwa resini ya bei ghali.

Kwenye sehemu yenye sega, gonga kwa sarafu. Mlio wa kufa unaonyesha ngozi imeachana na sega. Skrubu ikiwa imeponda sega, chimba lile lililopondeka uijaze epoksi yenye pamba iliyosagwa. Ule unga mwepesi wa vipovu vya glasi ni wa kulainisha uso tu, hauna nguvu ya kushika skrubu. Vitundu vidogo kama vya sindano vinavyojaa kwenye makava haya vijazwe epoksi nyembamba jua likianza kushuka, hewa ya ndani inaponywea na kuivuta resini. Ukipaka joto likipanda, kila tundu litakutolea kipovu.

Vishikizo na joto

Bawaba ndefu yenye sindano hugawa mzigo kwenye ukingo wote, na kava hupasuka kidogo. Chumvi hukwamisha sindano, kwa hiyo itolewe na kupakwa grisi mara kwa mara. Vifungo vya robo mzunguko kama Camloc ni rahisi kufungua kila ukaguzi, lakini hubeba mzigo kwenye nukta. Kila kimoja kinahitaji matabaka matatu ya ziada chini yake. Skrubu ni za bei nafuu na ndizo zinazokula faiba zaidi. Ziwekee washa za koni, na kitovu cha tundu kiwe umbali wa mara tatu ya kipenyo chake kutoka ukingoni. Ndege inayokaa pwani tungeipa bawaba ubavuni na robo mzunguko nyuma, kwenye ukuta wa moto, yaani ule unaotenga injini na chumba cha rubani.

Kama faiba karibu na ekzosi imegeuka kahawia, hakuna resini kati ya hizi tatu itakayoponya hilo. Pandisha mwanya hadi angalau milimita 25 ukiweza, kata faiba iliyoungua, jaza upya kwa epoksi ya ndege, kisha ndani bandika blanketi la kauri la milimita 3 lenye foili ya alumini, na kingo zake zote zizibwe ili oili isilowe humo. Blanketi lililolowa oili ni utambi. Sehemu nyingine injini iwe mbali na kava milimita 12 au zaidi, maana hutikisika sana inapowashwa na kuzimwa.

Kuipasha epoksi ya ndege hakuhitaji tanuri. Kava likiwa limefungwa mahali pake ili lisipinde, lifunike kwa plastiki nyeusi juani na kipimajoto ndani. Nyuzi 55 hadi 60 zinapatikana Malindi msimu wa kaskazi. Panda taratibu, kama nyuzi 10 kwa saa, na rudia siku mbili au tatu hadi saa zifikie idadi ya kitabu cha resini.

Kabla ya kurusha, bandika ndani, juu ya kiraka na pembeni mwa ekzosi, stika za kupima joto zinazobadilika rangi. Baada ya saa ya kwanza angani fungua kava: tazama mistari myeupe kuzunguka kiraka, gonga kwa sarafu, tafuta alama za kusuguana. Kama alama ya nyuzi 80 kwenye stika imekwisha geuka nyeusi, blanketi liongezwe kabla ya safari inayofuata.